Kelele Zimeondolewa

Juzijuzi walinijia vijana wawili na kompyuta ya kupakata, wamevaa vizuri, adabu tele. Shikamoo bibi, marahaba wanangu. Wakasema wanaziingiza kwenye kompyuta tepu za zamani zilizokuwa maktaba ya Tabora, na kadi karibu zote zina mwandiko wangu. "Tunahitaji utusaidie metadata," wakasema. Nikauliza hiyo metadata mnyama gani. Wakanieleza: nani anasema, yuko wapi, anazungumzia nini, tepu ina urefu gani. Loo, nilicheka! Ndiyo kazi iliyonizeesha, ila sisi tuliita kuandika kadi.

Mmoja akanionyesha kadi moja kwenye kioo. "Hapa pameandikwa kelele zimeondolewa. Kelele gani hizo, bibi? Tupafute?" Nikamwambia paache hapo hapo, nami nikaenda jikoni kuchemsha chai nisionekane uso. Kisanduku chao cha kujaza kilikuwa kidogo. Nisingeweza kuwaeleza wakajaza humo.

Nilipelekwa Tabora na serikali miaka ile ya Ujamaa. Ukishamaliza mafunzo unaambiwa nenda, unakwenda, huulizwi kama una ndugu huko. Nilishuka kwenye treni na sanduku langu la bati na kapu la nazi alizonifungia mama, akidhani Tabora hakuna chakula. Nazi zikaisha. Baada ya hapo nikala wali mkavu, na maharage, na wali mkavu tena.

Nilipanga chumba mtaa wa Ng'ambo. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, lakini akiwa na wanawe huzungumza Kinyamwezi, na kicheko kikiwatoka mimi nabaki nimeshika ufagio nikitabasamu kama mjinga. Mtaani walinijua kwa jina moja: dada wa maktaba. Dada wa maktaba habari za kazi, njema, basi, yameisha. Jumapili nilikwenda stesheni kutazama treni ya kutoka Dar es Salaam. Watu wanashuka, wanakumbatiana, wengine wanangoja treni za kwenda Mwanza na Kigoma, wenye magunia ya tumbaku wa Usoke wanagombana na wapagazi. Mimi sikuwa na wa kumpokea. Treni ikiondoka narudi nyumbani kupika chakula cha mtu mmoja. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema. Upweke ule ulinikaa kifuani mpaka nikawa nazungumza na sufuria.

Kazini nako ni hivyo hivyo. Nilikuwa na chumba cha nyuma, na meza, na droo za kadi, na rekoda moja kubwa ya tepu za kuzunguka. Maofisa wa utamaduni walikuwa wamepita kwenye ile njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji mpaka hapa Tabora na kuendelea Ugogo, wakiwarekodi wazee waliosimuliwa na baba zao waliobeba mizigo. Tepu zikaletwa kwangu. Navaa vidude vya masikioni, nasikiliza, naandika kadi: msemaji, mahali, mada. Wazee wa watu wananisimulia kutwa nzima, nami siwezi kuwajibu hata ehee.

Kadi za mwanzo zilikuwa na mstari wa kabila. Ukaja waraka kwamba mstari huo ufutwe, sisi ni taifa moja, sote ndugu. Nikaufuta bila kinyongo. Nyumbani nililelewa hivyo hivyo. Baba yangu alikuwa mwalimu, na utani wa makabila aliupiga marufuku kabisa mlangoni kwake, akisema ni matusi ya watu wasio na kazi. Kwa hiyo mimi nilikuwa Mzaramo, ndiyo, lakini Mzaramo wa karatasi tu.

Siku moja akaingia mzee mwembamba, kofia ya kiua, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Nikamjua. Alikuwa fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka la Mhindi, njia ya sokoni.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

Uso ukamchanua. "Ala! Mla nazi! Basi shikamoo yako rudi nayo, siitaki. Nani huyo kakukabidhi ofisi wewe? Kwenu wizi umekwisha?"

Mimi nina hasira za karibu, mpaka leo. Mtu sijapata kumwona, ananiita mwizi kwenye ofisi ya serikali, tena siku yenyewe nimeamka nalia! Nikasimama. "Mzee, kama umekuja kunitukana, mlango ule pale."

Akavua kofia, akaishika mikononi. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilidhani tunajuana." Na tangu hapo akawa anasema nami kwa heshima, kama mtu anayesema na daktari.

Alichofuata ni tepu. "Mlinirekodi mimi na mwizi wangu. Nimekuja kumsikiliza." Nikaitafuta, nikaipata. Kadi yake iliandikwa na wale maofisa wenyewe kabla yangu: Msemaji, fundi cherehani. Mada, safari ya baba yake, mpagazi. Nusu ya pili, kelele za mtu asiyehusika.

Nikaifungua kwa sauti ya wazi. Mzee kwenye tepu akaanza vizuri sana, kama anahutubia. Baba yangu, akasema, alibeba jino la ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, jino ambalo watu wawili hawaliinui. Mara sauti nene ikaingia kutoka pembeni: "Mwongo huyo! Mnamrekodi mwongo! Jino gani? Baba yake alibeba chungu cha kunde. Na kunde zenyewe alizila njiani, msafara mzima ukalala na njaa. Rudisheni kunde za watu!"

Fundi kwenye tepu akajibu kwamba wenzetu hawa kazi yao kulala chini ya mnazi kungoja nazi ianguke. Yule wa pembeni akasema heri nazi, ninyi mlipofika kwetu mkaona bahari mkatupa mizigo mkakimbia, mkidhani mbuga imefurika. Wakaendelea hivyo, mtumwa wewe, mwizi wewe, mpaka tepu ikaisha. Ofisa anasikika akisema kwa uchovu, jamani, jamani.

Mzee alicheka hadi miwani ikamwanguka. Kisha akawa hacheki tena, ila machozi yakaendelea. Nikamletea maji.

Akanieleza. Yule mwenye sauti nene alikuwa fundi baiskeli, Mzaramo, alikuja Tabora kijana na kazi za reli asirudi kwao. Baraza yao moja. Mmoja anapiga cherehani, mwingine anaziba pancha, na kutukanana tangu duka linafunguliwa hadi linafungwa. Watani. Baba zao walianza hayo kwenye njia ile ile ya misafara, hawa wakipita kwa wale, wale wakipita kwa hawa. Naye alikuwa amekufa kiangazi kilichopita.

"Jeneza lake nililizuia mimi," akasema. "Nikaingia kaburini nikalala. Nikasema humu haingii mpaka anilipe kiti alichonivunjia. Watu wanacheka, wananivuta miguu. Nikatoka, tukamzika. Ndivyo tunavyozikana sisi, mwanangu. Mtani asipokuja kukuchafua, wanakuzika kama mgeni aliyefia njiani."

Akaendelea kwa sauti ndogo. "Mimi sasa ni mzee, na kifua hiki si kizima. Nikifa nani atanitukana? Wenzake aliokuwa nao hapa wamerudi pwani, wengine wamekufa. Nitatoka nyumbani kimya kama gunia linalopakiwa. Ninakuomba jambo moja. Siku hiyo uje na mashine yako, umfungulie. Aseme yeye."

Nikamwambia nitakuja.

Akawa anakuja kila Ijumaa akitoka msikitini. Analeta karanga kwenye gazeti, au kijichupa cha asali, anakaa, nafungua tepu, anacheka, anasema ahsante mwanangu, anaondoka. Nami wiki nzima nilikuwa naingoja Ijumaa. Nasema kweli, nilimwonea wivu yule marehemu. Mimi nilikuwa hai, nina kazi, nina afya, na mji mzima hapakuwa na mtu anayenijua vya kutosha kunitukana. Wa pekee aliyejaribu nilimwonyesha mlango.

Mara moja moja nilijaribu kuirudia ile kadi. Ile "mtu asiyehusika" ilinikera. Nikaisikiliza tepu tena na tena nikitafuta maneno ya kuandika, mpaka maneno yao yakawa yananitoka nikiosha vyombo.

Halafu akaja mkubwa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mpole, amechoka na safari, suti ya Kaunda imejaa vumbi. Akaeleza hali: tepu zinatoka nje, fedha za kigeni hazipo, na wazee wa kurekodi bado wengi, tena wanakufa. Kwa hiyo sehemu zisizo na maana zitakatwa, vipande viungwe, vitumike upya. Na hakuwa na nafasi ya kusikiliza zote. Alikuwa anasoma kadi. Kadi ikisema ina maana, inabaki. Kadi ikisema kelele, inakatwa. Akavuta droo, akaanza kutenga tepu, hii ndiyo, hii siyo, na alipofika kwenye ya fundi wangu akaiweka upande wa kukatwa.

"Hiyo hapana," nikasema. "Isikilize kwanza, tafadhali."

Akaisikiliza. Penye kunde akaangua kicheko, wallahi nilimwona. Kisha akajipangusa uso, akawa ofisa tena. "Dada, haya ni matusi. Mtu anamwita mwenzake mtumwa, nchi hii! Kesho mwanafunzi akija kusikiliza utamwambia nini?"

"Ni utani. Ni watani hawa."

"Sawa. Andika basi, niiache."

Nikachukua kadi safi. Nikaandika mada, utani. Akauliza, utani wa nani na nani? Nikasema wa Mnyamwezi na Mzaramo. Akatikisa kichwa. "Kabila haliandikwi. Unajua."

"Bila hilo haieleweki."

"Ndiyo. Bila hilo ni watu wawili wanaotukanana barazani." Hakuwa anashindana nami. Alikuwa ananionyesha tu. "Jaribu tena. Huyu wa pili anaeleza nini? Historia? Kazi? Kilimo?"

Nikaikodolea macho kadi. Anaeleza uongo. Ndiyo kazi yake, kueleza uongo mtupu kuhusu chungu cha kunde, na ule uongo ndio uliomfanya mzee wa watu avuke mji kila Ijumaa na kifua chake kile. Niiweke mstari gani hiyo? Nikamweleza basi kwa mdomo: kuna mzee anataka sauti hii ifunguliwe siku ya maziko yake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nami nina watani wangu," akasema. "Watanizika. Lakini kadi yako haina mahali pa kuliweka hilo, dada, na mimi huko ninapokwenda naulizwa kadi." Akaifunga ile tepu pamoja na nyingine. Tepu ya ziada ya kunakilia sikuwa nayo, na rekoda ilikuwa hiyo moja. Akaondoka nazo na treni. Sikwenda stesheni.

Ziliporudi, ile ya fundi ilikuwa nyembamba kwenye kigurudumu chake. Nikaiweka kwenye mashine. Baba yangu alibeba jino la ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, jino ambalo watu wawili hawaliinui. Halafu mkwaruzo mdogo pale walipounga. Halafu yeye peke yake, jino likafika Bagamoyo salama, hakuna aliyembishia. Kadi mpya ilikuwa imepigwa chapa: kelele zimeondolewa.

Ijumaa akaja na karanga zake. Nilishindwa kumfungulia. Nikamwambia yote wima wima, maana ningekaa ningelia. Hakugomba. Laiti angegomba! Akauliza kadi inasemaje sasa, nikamsomea. Akatabasamu kidogo. "Kelele. Hapo hawakukosea, alikuwa na kelele yule." Akaliweka gazeti la karanga mezani. "Si neno, mwanangu. Umefanya uliloweza." Si neno, mwanangu! Kwa adabu ile ile niliyomfundisha mwenyewe. Akavaa kofia akatoka.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala nyingine. Nikipita barazani nilimwona ameinamia cherehani, namwamkia, ananiitikia marahaba vizuri kabisa. Pale alipokuwa akikaa fundi baiskeli, Mhindi alikuwa ameweka ndoo za kuuza. Nilianza kuandika barua ya kuomba uhamisho, kila siku sentensi moja, sikuimaliza.

Mvua za masika ndizo zilizomchukua. Asubuhi akaja mtu maktaba kuniambia, mke wa fundi ananiita, fundi hayupo tena, na nije na mashine. Kumbe mzee hakumwambia mkewe. Alimwambia la mwanzo, kwamba nitakuja, akanyamazia la pili, kwamba sauti imekatwa.

Nikaenda mikono mitupu. Wanaume walikuwa nje kwenye mikeka, wanawake ndani, na wote kimya. Maziko nimeyaona mengi, lakini kimya kile kilinitisha. Mjane alikuwa amekaa ukutani. Aliponiona akatazama mikono yangu, kisha nyuma yangu mlangoni, kama nimeiacha mashine nje. "Aliniambia utakuja na yule mwizi wake," akasema.

Nikakaa chini karibu na cherehani yake iliyofunikwa khanga. Futi yake ilikuwa imetundikwa kwenye gurudumu. Nikasikia nje wanasema maiti yuko tayari, atolewe, na watu wakainuka taratibu. Gunia linalopakiwa. Ndivyo alivyosema, na ndivyo ilivyokuwa inakwenda kuwa, na mimi nimekaa hapo nimekunja miguu kwa adabu.

Sijui nani aliyeninyanyua. Nilichukua ile futi nikaivaa shingoni, nikasimama kwenye kizingiti cha mlango, mguu huku mguu huku, jeneza mbele yangu.

"Mwongo huyo!" nikasema. Sauti ilinitoka nene, hata mimi ikanishtua. "Mnambeba mwongo! Jino gani la ndovu? Baba yake alibeba chungu cha kunde! Na kunde zenyewe alizila njiani, msafara mzima ukalala na njaa!"

Wanawake wakanigeukia macho yametoka. Binti mmoja akanivuta nguo, dada wa maktaba, vipi, umerukwa na akili? Nikamsukuma. "Mlipofika kwetu mkaona bahari mkatupa mizigo mkakimbia! Hatoki huyu! Hatoki hapa mpaka arudishe kunde za watu!"

Pale ukutani mjane aliinua kichwa. "Nani huyo?" akauliza.

"Mzaramo," nikasema. Nilikuwa sijapata kulisema neno hilo kwa sauti kubwa namna ile maishani mwangu.

Akaanza kucheka. Alianza tumboni, kwa tabu, mkono mdomoni, kisha akauachia. Mwingine akamfuata, na nje wanaume waliokuwa wameyasikia maneno yale miaka yote barazani wakacheka pia, wengine wanalia huku wanacheka, na mmoja akapiga kelele kuwa mwizi amefufuka. Mjane akamtuma mtu jikoni. Akaletewa kunde kwenye bakuli, akaja mwenyewe mpaka mlangoni akanimiminia viganjani. "Haya, hizo kunde zenu. Tupishe, mla nazi."

Nikawapisha. Wakampitisha karibu yangu hadi futi ikagusa jeneza, wakaondoka naye mbio mbio kwenye matope wakiwa bado wanacheka.

Nikabaki kizingitini na kunde mikononi, nalia sasa kama mtoto, sijui niende wapi. Nikageuka kutafuta viatu vyangu nirudi kazini. Mjane akasogea kwenye mkeka, akapiga piga mahali pa wazi kando yake.

"Unakwenda wapi, mwizi?" akasema. "Kaa."

Nikakaa.